Matundu ya Barza Yetu

Wamama wapenzi, wadada, na ninyi wababa ambao mnaisoma barua hii kwa siri kabla ya kuirudisha juu ya meza, tunawasalimu. Juma hili hatuandiki juu ya likelemba, wala juu ya bei ya makala katika soko la Kadutu. Tunaandika juu ya matundu. Tulitenda kosa, na tumekubaliana kwamba kosa lililotendwa mbele ya watu wote liungamwe mbele ya watu wote.

Mnaijua nyumba yetu ya mikutano kule Bagira. Ni nyumba ya mbao kama nyingi za milima ya Bukavu, manjanja juu, na barza mbele ambapo tunaketi siku ya ine tukihesabu feza huku mikono ikichambua maharagi. Mwaka jana, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, tulikuwa tunakuta unga wa mbao juu ya benchi kila asubuhi. Tulipoinua macho tuliona matundu katika boriti ya barza, ya mviringo kabisa, kila moja upana wa kidole, kana kwamba seremala amepita usiku na keke yake. Kisha tukamwona mwenye matundu: mdudu mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, mwenye mikanda miwili ya manjano mgongoni, akinguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Mwingine, wa manjano mwili mzima, alikuwa akisimama hewani mbele ya nyuso zetu, akitutazama, akirudi nyuma kidogo, akija tena.

Watoto walikimbia. Mmoja wetu alimwaga sahani nzima ya maharagi. Siku hiyohiyo tulifanya mkutano, na hakuna mkutano wetu uliowahi kwenda mbio hivyo. Tulisema wadudu wale wanakula nyumba. Tulisema watauma watoto. Kila mmoja alitoa franka 1000, tukanunua dawa ya kuua wadudu, tukawapa vijana wawili waimwage katika kila tundu na kuziba kwa simenti. Mikono yote iliinuka isipokuwa mmoja. Koko wetu, aliye mzee kuliko wote katika chama, alibaki ameshika fimbo yake.

Alituuliza, “Mnajua nani analala humo ndani?”

Tulicheka. Tulimjibu, “Koko, ni mdudu tu.” Naye hakusema tena.

Sasa mnajua pia shamba letu la marakuja, pale chini ya nyumba, kwenye mteremko. Tulipanda miche 40 ya marakuja ya manjano, iliyotoka upande wa Uvira, ikatambaa juu ya nguzo na waya. Maji ya marakuja yale tunayauza kwenye harusi na kwenye matanga, na feza yake inalipa shule ya watoto sita ambao hawana wazazi. Kwa hiyo shamba lile si la mchezo. Mwezi wa kumi maua yalijaa, meupe na ya zambarau, mazuri hata wapita njia walisimama kuyatazama. Mwezi wa kumi na moja yalikuwa yakianguka. Kila asubuhi tulikuta maua chini ya waya, yamekunjamana, na juu hakuna tunda. Katika miche 40 tulihesabu matunda tisa.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta mwenye makosa. Kwanza tulisema udongo umechoka. Halafu tukasema muuza miche ametudanganya. Na halafu, tunaandika hili kwa aibu, baadhi yetu tulianza kumtazama dada mmoja aliyekuwa amefiwa na mume wake mwaka uleule. Yeye ndiye aliyepanda miche mingi kuliko sisi wote, kwa sababu alikuwa akija shambani hata siku zisizo zake, ili asikae peke yake nyumbani. Watu walianza kunong’ona kwamba ana mkono mbaya. Hakuna aliyemwambia usoni. Lakini siku ya ine moja alikuja, akakuta benchi limenyamaza, akageuka, akarudi kwake. Hakuja tena kwa majuma matano.

Karibu na Noeli, binti wa mmoja wetu, anayesomea kilimo, alikuja likizo. Tulimpeleka shambani atuambie udongo una ugonjwa gani. Hakugusa udongo. Aliketi chini ya waya kuanzia saa sita mchana, akaangalia ua moja tu, mpaka tukadhani amelala.

Ua la marakuja ya manjano, alituambia, hufunguka karibu na saa sita adhuhuri na kufungwa usiku, na halifunguki mara ya pili. Lina siku moja tu. Ndani yake kuna mifuko mitano inayobeba vumbi la njano, lile ambalo vitabu huliita chavua. Juu ya mifuko hiyo kuna vidole vitatu vinavyopaswa kupokea vumbi hilo ili tunda litunge. Na marakuja ya manjano haikubali vumbi lake yenyewe. Inataka vumbi la mche mwingine, kama vile mtu asivyooa ndani ya nyumba ya baba yake. Basi ni lazima awepo mtu wa kuchukua vumbi huku na kulileta kule, siku ileile, kabla ya usiku.

Tulimwambia nyuki wa asali wapo, tunawaona. Akasema ni kweli, wapo, na wanachukua vumbi, lakini ni wadogo. Wanapita chini ya vile vidole vitatu bila kuvigusa, sawa na mtoto anayepita chini ya meza. Mtu wa kazi hii ni mnene. Anapoinama kunywa maji matamu ya ua, mgongo wake unajipaka vumbi juu, na akifika kwenye ua la mche wa pili mgongo uleule unasugua vidole.

Kisha akatuuliza, “Mama zangu, nyuki wakubwa weusi wako wapi? Mahali penye mbao nyingi hivi, nilitegemea kuwaona.”

Hakuna aliyejibu. Koko ndiye aliyeinua fimbo yake, akaielekeza kwenye barza, kwenye zile alama za simenti.

Jioni ile tulishusha kipande kimoja cha boriti, kile ambacho kilikuwa kimepasuka pembeni, na kijana mmoja akakipasua taratibu kwa shoka. Tulitegemea kuona mbao iliyoliwa kama na mchwa. Tuliona nyumba. Tundu liliingia kidogo, halafu likageuka na kufuata mshipa wa mbao, laini kama ndani ya bomba. Njia ile ilikuwa imegawanywa vyumba, chumba baada ya chumba, na kati ya chumba na chumba kulikuwa na ukuta mwembamba uliotengenezwa kwa unga wa mbao uliolowekwa mate. Katika kila chumba mlikuwa na tonge la njano, gumu kidogo, la vumbi la maua lililokandwa na maji matamu. Na juu ya kila tonge, mtoto. Wengine walikuwa bado weupe kama funza, wengine walikwisha kuota mabawa. Wote walikuwa wamekufa. Mama yao alikuwa karibu na mlango, kichwa kikielekea simenti.

Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu, ambaye ana mapacha, aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Binti yule alitueleza mambo ambayo tungepaswa kuuliza mwezi wa tisa. Mdudu huyu ni nyuki seremala. Mtaalamu wa Ufaransa, Pierre André Latreille, alimpa jina la Xylocopa mwaka 1802, neno lenye mizizi ya Kigiriki ambalo maana yake ni mkata mbao. Hali mbao hata kidogo. Anaitoboa tu, na ule unga anautupa nje, ndio tuliokuta kwenye benchi. Chakula chake ni maua. Yule wa manjano aliyekuwa akitutisha mbele ya nyuso ni dume, na hakuna nyuki dume mwenye mwiba. Alikuwa akilinda mtaa wake, akitafuta mchumba. Jike ana mwiba, lakini humchoma anayemshika mkononi au kumkanyaga. Hatoki kundi zima kumfuata mtu, kwa sababu hana kundi.

Hili la kukosa kundi ndilo lililotugusa. Tulizoea kufikiri kila nyuki ana malkia na mzinga na jeshi. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na sehemu kubwa huishi peke yao. Kila jike anachimba nyumba yake, anatafuta chakula chake, anakanda tonge, anataga yai moja juu ya tonge, anajenga ukuta, anaanza chumba kingine. Yai la nyuki seremala ni kati ya mayai makubwa kuliko yote ya wadudu. Linaweza kupita sentimita moja. Kwa hiyo hatagi mengi. Katika njia moja mara nyingi watoto hawafiki kumi. Ukimwua mama mmoja umeua mtaa. Na kwa baadhi ya aina za nyuki seremala, watoto wakisha kuwa wakubwa hubaki kwanza ndani ya tundu, na mama huenda kuwaletea chakula, kama tunavyofanya sisi na vijana wetu waliomaliza shule na hawajapata kazi.

Basi tulifanya kazi ya nyuki sisi wenyewe. Kila siku kuanzia saa saba mchana, wawili wawili, tulipita kwenye waya na kijiti chenye pamba, tukachukua vumbi kwa mche mmoja na kulipaka kwenye vidole vitatu vya ua la mche mwingine. Huko Brazil, inchi inayolima marakuja kuliko zote, wakulima wengi hulipa watu kufanya kazi hiyohiyo kwa mikono pale ambapo nyuki ni wachache. Ni kazi ya kuchosha mgongo. Mama mmoja alihesabu maua 200, akakaa chini, akasema, “Na yule tulimmwagia dawa alikuwa akifanya hii bure.” Matunda yalianza kutunga juma lilelile, na baada ya karibu miezi miwili na nusu tulichuma.

Lakini kabla ya kuchuma, kulikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Tulikwenda watano, siku ya Yenga baada ya ibada, na Koko mbele. Dada yetu alitufungulia, akatupa viti, akatuletea maji. Tulimwambia jinsi maua yalivyokosa nyuki, na nani aliyewaua. Tulimwambia kwamba tulihukumu mara mbili bila kuuliza, mara ya kwanza mdudu, mara ya pili yeye. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Nilikuwa nikija shambani kwa sababu pale tu ndipo nilipokuwa silii.” Hatukuwa na jibu la maneno hayo, na hata leo hatuna. Siku ya ine iliyofuata alikuja, akaketi mahali pake. Anajua kwamba tunaandika haya, naye ametuomba tuyaandike.

Tangu hapo tumejifunza kutazama. Tunawaandikia hapa yale tuliyoyaona katika kiwanja chetu wenyewe, ili na ninyi mkiona tundu mjue kwanza ni la nani.

Kwanza kabisa, mjue kutofautisha nyuki na nyigu. Nyuki ana manyoya, na utamwona na vumbi la njano miguuni au tumboni, kwa sababu watoto wake hula vumbi la maua. Nyigu ana kiuno chembamba, mwili wake unang’aa, na watoto wake hula nyama. Yule anayejenga vibomba vya udongo ukutani, nyuma ya picha na mlango, ni nyigu. Vunja kibomba kimoja utakuta ndani buibui waliolegezwa. Msimwite nyuki, lakini pia msimchukie. Naye ni mama anayefanya kazi peke yake.

Nyuki seremala mmekwisha kumjua. Tundu lake ni la mviringo, katika mbao kavu au mti uliokufa, na chini yake kuna unga. Kuna pia ndugu yake mdogo, mweusi au mwenye kung’aa rangi ya kijani, ambaye hawezi kutoboa mbao. Yeye hutafuta kijiti kikavu chenye moyo laini kilichovunjika ncha, akauchimba ule moyo. Vijiti tulivyokuwa tukikusanya na kuchoma moto baada ya kupalilia, tuligundua vingine vilikuwa na watu.

Wa pili ni nyuki mkata majani. Huyu humwoni mara nyingi, unaona kazi yake: majani ya mawaridi au ya mbaazi yamekatwa vipande vya mviringo pembeni, safi kama kwa mkasi. Tulikuwa tukisema ni viwavi. Kiwavi hula na kuacha makombo. Huyu hakuli jani, analibeba. Anavikunja vipande kama vikombe ndani ya tundu la mwanzi, ndani ya ufa, hata ndani ya tundu la ufunguo, na ndani ya kila kikombe anaweka tonge na yai. Alama yake nyingine ni vumbi la maua analolibeba chini ya tumbo, ambapo wenzake hulibeba miguuni.

Wa tatu ni yule wa ukuta wa udongo. Ana mikanda myeupe au ya samawati tumboni, anaruka kwa mbio, anasimama hewani kidogo, anaingia ua, ametoka, na sauti yake ni nyembamba na ya juu. Huchimba kwenye kuta za nyumba za udongo na kwenye kingo za barabara zilizokatwa mlimani. Pita jioni kwenye majani makavu kando ya shamba: utaweza kumwona dume wa jamii hii amelala, amening’inia kwa meno yake kwenye kijiti, na wakati mwingine wako wengi kwenye kijiti kimoja kama nguo kwenye kamba. Dume hana nyumba. Tulipoona hilo kwa mara ya kwanza tulicheka sana, na wababa watatusamehe.

Wa nne ni wadogo wa chini. Katika uwanja mkavu usio na majani utaona vishimo vyenye kilima kidogo cha udongo, na utasema ni sisimizi. Keti utazame. Sisimizi hutoka msururu. Hapa utaona uso mmoja tu mdogo mlangoni, unatazama nje, unarudi ndani. Baadhi ya nyuki hawa hupenda kulamba jasho, ndiyo sababu wanatua mkononi wakati wa kulima. Sisi wanawake wa ufagio tulikuwa tukiwafunika kila asubuhi.

Na msiwachanganye hawa wote na wale nyuki wadogo weusi wasiouma, wanaotengeneza mlango wa nta kama bomba kwenye mti au ukutani. Wale wana ukoo na malkia, na asali yao wazee wanaijua kuwa dawa.

Mtauliza, marakuja tumesikia, lakini wasiolima marakuja wapate nini? Mtazame biringanya zenu. Vumbi la ua la biringanya limefungiwa ndani ya vibomba vyenye kitundu kidogo nchani, sawa na chupa ya chumvi. Ili litoke, ni lazima ua litikiswe. Nyuki seremala, na wale wenye mikanda, na baadhi ya wale wa chini, hulikumbatia ua na kutetemesha mwili wao bila kuruka, na vumbi linamwagika. Simama karibu, utasikia sauti ikibadilika, kama gari linapobadilisha vitesi. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walichunguza mashamba ya biringanya na kuchapisha kazi yao mwaka 2008: waliosaidia biringanya kuzaa walikuwa nyuki wa porini wanaoishi bila mzinga, na nyuki seremala alikuwa mmoja wao. Nao walitegemea pori lililokuwa jirani na mashamba. Nyanya pia hunufaika na mtikiso huohuo.

Jambo moja Koko analipenda kuliko yote. Marakuja si mmea wa kwetu. Ulitoka Amerika ya Kusini. Kule una nyuki seremala wake. Ulipofika hapa ulikuwa mgeni asiyejua mtu, na nyuki seremala wa hapa, ambaye babu zake hawakuwahi kuliona ua hilo, alilipokea na kulifanyia kazi. “Na sisi,” anasema Koko, “ndio tuliomfukuza mwenyeji, tukabaki na mgeni mwenye njaa.”

Sasa tuseme ukweli wote. Nyuki seremala anaharibu mbao. Binti zake hurudi katika tundu la mama na kulirefusha, na mwaka baada ya mwaka boriti inadhoofika. Jirani yetu mmoja alikuwa na boriti iliyojaa matundu juu ya kitanda cha watoto, na haingekuwa haki kumwambia aivumilie kwa faida ya marakuja zetu. Tulifanya hivi. Kutoka katika kapo ya chama tulimnunulia boriti mpya, tukaipaka rangi pande zote, kwa sababu nyuki huyu hupenda mbao tupu na huepuka iliyopakwa rangi. Boriti yake ya zamani tuliishusha usiku, nyuki wakiwa wamekwisha kulala, tukaziba matundu kwa kitambaa, tukaibeba vichwani kwa mwanga wa simu mpaka shambani. Tuliifunga kwenye nguzo, tukaiwekea kipande cha manjanja juu isilowe, tukatoa vitambaa, tukaondoka kimya kama wezi. Ilikuwa mwezi wa pili.

Kwa siku kadhaa hatukuona kitu, na wengine walisema wamehama. Siku ya posho moja, saa saba mchana, dada yetu yule aliyefiwa alikuwa wa kwanza kuwasikia. Alituita kwa mkono, hakutaka kupiga kelele. Mmoja alikuwa ndani ya ua la marakuja, mweusi, mgongo mzima wa manjano kwa vumbi, anazunguka taratibu kama mtu anayeoga. Alitoka, akaenda mche wa pili. Tulisimama pale na vijiti vyetu vya pamba mikononi, na tunajua tulionekana wajinga.

Hatutawadanganya kwamba kazi ya mikono imekwisha. Nyuki bado ni wachache na sisi bado tunapita kwenye waya siku ambazo maua ni mengi. Watoto sita wako shuleni mwaka huu, lakini robo ya kwanza tulichelewa kulipa, na waliketi nyumbani majuma mawili kwa sababu ya dawa tuliyoinunua kwa feza yetu wenyewe. Hilo nalo liandikwe.

Tunawaomba mambo machache, yasiyogharimu kitu. Mti ukifa mwisho wa shamba, usiukate wote kwa makala. Acha shina moja limesimama. Funga mianzi mikavu kama mzigo mdogo wa kuni, kila mwanzi uzibwe nyuma na uwe wazi mbele, uitundike chini ya paa mahali mvua isipofika na jua la asubuhi linapofika. Acha pembe moja ya uwanja bila kufagia. Ukilazimika kunyunyiza dawa shambani, usinyunyize maua yakiwa wazi. Mbao za nyumba zipakwe rangi mapema, kabla nyuki hajachagua. Na watoto wafundishwe kutazama bila kushika.

Siku ya ine ijayo tutakutana barzani saa tisa. Boriti imebadilishwa na imepakwa rangi ya bluu. Kipande kile tulichokipasua hatukukichoma. Kiko ndani, juu ya kabati la daftari, na vyumba vyake viko wazi. Atakayetaka kukiona aje. Koko amesema yeye mwenyewe atamwonyesha mlango uko wapi, na mama alilala upande gani.

Kaeni na amani.

Sisi, wamama wenu wa Bagira